Ichape Kama Ilivyo

Studio, 3 Februari

Mpwa wangu Kope,

Hali yangu ni nzuri ukiondoa magoti, na magoti hayajawahi kupiga picha, kwa hiyo tuyaache. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha wateja, mbele ya pazia la bluu, kwa sababu meza yangu imejaa vipande vya printa. Imekufa. Jumatatu ilianza kukohoa, Jumanne ikameza karatasi mbili bila kuzirudisha, Jumatano fundi akaifungua na kuniambia vipuri vyake havitengenezwi tena. Miaka tisa tumekaa nayo. Kuna watu wameoana na kuachana ndani ya muda huo, na picha zao za harusi ilizichapa yenyewe.

Nilimwomba fundi anishauri ninunue ipi. Akaiangalia kompyuta, akauliza inatumia mfumo gani. Nikamwambia ni ule huria, wa Linux, alioniwekea mpwa wangu kabla hajaondoka, baada ya ule wa zamani kujaa virusi. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akasema hakuna printa ya picha itakayoelewana nao, afadhali nirudi kwenye mfumo wa watu wote. Nilikutetea, ila kwa sauti ndogo. Wewe ndiye uliyeniozesha mfumo huu, sasa nitafutie printa itakayokubali kuishi nao nyumba moja.

Si mzaha lakini. Mwezi wa sita studio inatimiza miaka arobaini. Nataka picha moja kubwa ukutani, watu wakipita nje waione kupitia kioo: mama yako, ile niliyompiga asubuhi uliyoondoka, yeye amekaa na wewe umemshika bega. Ndiyo picha ya mwisho niliyompiga dada yangu, na kwangu ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya. Halafu kuna yule jirani anayeuza makava ya simu. Anakitaka chumba hiki. Kila siku ananisalimia kwa heshima huku macho yanapima upana wa mlango. Nimemwambia mwisho wa Juni atapata jibu. Studio isiyochapa ni chumba chenye pazia tu, heri kiuze makava.

Simu ni ya salamu. Hili nimeona niliandike.

Mjomba wako,
Mpiga Picha


Maktaba ya chuo, 14 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimelala chali chini ya meza ya mapokezi, nikifunga nyaya za kompyuta za maktaba. Mkutubi mkuu alidhani nimezimia.

Fundi wako amesema kweli, ila ni kweli ya miaka kumi na tano iliyopita. Wakati ule kila printa ilitaka draiva yake, yaani kiprogramu cha kuitafsiria kompyuta lugha ya printa, na watengenezaji wengi hawakuhangaika na watu wa mfumo wetu. Siku hizi printa nyingi zimejifunza lugha moja ya pamoja. Kwa hiyo usinunue kwa jina wala kwa uzuri wa boksi. Muulize muuzaji kama inachapa kutoka kwenye simu yoyote bila kuweka programu ya ziada. Akikubali, hiyo ni dalili njema. Angalia na wino: yenye rangi sita inaitendea haki ngozi ya mtu kuliko yenye rangi nne, hasa pale kwenye kivuli cha shavu. Na kubwa kuliko yote, ikishaunganishwa, hakikisha kompyuta inakuruhusu kuchagua aina ya karatasi. Kuna printa zinatambulika upesi lakini zinajua karatasi ya kawaida tu. Hizo waachie makarani.

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ndani ya bahasha kuna flashi. Nimeweka humo mfumo wetu mzima pamoja na programu yako ya picha. Omba kompyuta ya dukani, ichomeke, iwashe kutoka kwenye flashi. Haitagusa kitu chao. Ukiichomoa kila kitu kinabaki kilivyokuwa. Chapa palepale uone kwa macho yako mwenyewe.

Nimekumbuka chumba cha giza. Nilikuwa nasimama juu ya kreti kutikisa trei, wewe unahesabu sekunde, na Mama anagonga mlango akitaka kujua kama tumekula. Sura ikianza kutokea kwenye karatasi ulikuwa unaiambia "karibu", kana kwamba ni mgeni. Mpaka leo nikichapa hata fomu ya likizo nasikia sauti yako.

Jambo moja, Mjomba. Picha ya ukutani tafadhali chagua nyingine ya Mama. Siku ile nywele zake hazikukaa vizuri. Ziko nyingine nzuri, ile yenye mwavuli kwa mfano.

Wako,
Kope


Studio, 2 Machi

Kope,

Marahaba. Mchagua jembe si mkulima, wanasema, lakini mimi jana nilichagua na nimelima. Nilivaa koti, nikaenda duka kubwa la kompyuta karibu na posta, flashi mfukoni kama mtu aliyebeba siri ya serikali. Dada wa dukani alipoona nataka kuchomeka kitu kwenye kompyuta yake akamwita meneja. Meneja akamwita fundi wao. Niliwaeleza kama ulivyonieleza, nadhani wakakubali kwa heshima ya mvi. Uso wa mfumo wetu ulipotokea, fundi wao akavuta kiti akakaa karibu yangu. Kumbe naye anautumia kwake. Kuanzia hapo nikawa mgeni rasmi.

Printa ya kwanza ilitambulika upesi, lakini ndiyo hiyo ya makarani. Uso ulitoka kama wa gazeti lililofungiwa sabuni. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzuri, ya rangi sita, na kompyuta ikaikalia kimya. Draiva yake ilikuwa kwenye diski, na diski ni ya mfumo mwingine. Fundi wao akatafuta mtandaoni, akapata ya toleo la zamani lililokataa kabisa kuingia. Ya tatu haina sura, matangi ya wino yameitoka ubavuni, lakini tulipoiunganisha na mtandao wa duka, dakika haikuisha, jina lake likajitokeza na ikaniuliza: karatasi ya kung'aa au isiyong'aa? Nilimshika mkono yule dada bila kukusudia. Hiyo ndiyo niliyoinunua.

Furaha ilifika nyumbani ikaishia hapo. Picha zote zinatoka za manjano. Kila uso umechovywa kwenye chai. Nazirekebisha kwenye kompyuta, naondoa manjano, naondoa tena, mpaka mtu anakaa sawa. Hata na ile printa ya zamani, miaka hii ya mwisho, ilikuwa hivyo hivyo, nikadhani ni uzee wake. Sasa hii mpya nayo. Mwaka huu kila mtu ananidanganya katika rangi. Nilinunua rangi nyeupe ya ukuta wa studio, wakaniuzia krimu. Nikairudisha, wakanipa nyingine, krimu vilevile. Nimepaka mara tatu, sasa nimenyamaza.

Kuhusu nywele. Asubuhi ile Bi Vifungo, fundi cherehani wa mlango wa pili, alimsuka mama yako kibarazani kwangu kwa saa mbili nzima, na hapakuwa na unywele uliokosea njia. Kwa hiyo sababu yako si hiyo. Tangu nilipokupa nakala ya picha ile siku ya mazishi yake hujawahi kuitaja. Kama unaona mjomba wako amechuja, niambie. Nimeumia, sikufichi.

Ni mimi,
Mjomba


Chumbani kwangu, 15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nianze na printa, kwa kuwa ndiyo rahisi. Unapochapa, hakikisha aina ya karatasi uliyoichagua ni ya picha, maana ukiiacha ya kawaida wino unamwagika ovyo. Halafu kuna sehemu inauliza rangi zisimamiwe na nani, programu au printa. Chagua programu peke yake. Wakisimamia wote wawili ni kama wapishi wawili kwenye chungu kimoja, kila mmoja anatia chumvi yake. Ukishafanya hivyo, nitumie kwa posta picha mbili za mtu mmoja aliyevaa kitu cheupe. Andika A nyuma ya ile iliyotoka bila kuguswa, na B nyuma ya ile uliyoirekebisha. Usinitumie kwa simu. Kila skrini ina uongo wake, nataka karatasi yenyewe mkononi.

Sasa lile la pili. Nywele hazikuwa na kosa. Nisamehe.

Picha ile niliitundika juu ya meza yangu niliporudi huku baada ya mazishi. Nikawa naitazama kila asubuhi nikifunga viatu. Ngozi ya Mama mle ina majivu, na midomo yake ni ya zambarau. Mwanzoni nilidhani ni kivuli. Kisha muuguzi wa zahanati ya chuo alikuja chumbani kuazima pasi, akaiona, akaniuliza, "Huyu mama moyo wake ulikuwa na shida?" Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia moyo ukichoka huonekana kwenye midomo.

Miezi mitano baada ya picha hiyo moyo wake ulisimama. Kwa hiyo asubuhi ile alikuwa tayari anaumwa, Mjomba, na ilikuwa imeandikwa usoni. Mimi nilikuwa nimemshika bega. Nilimtazama, nikaona anacheka, nikabeba mabegi yangu. Yeye akanisindikiza mpaka kituoni amebeba lile zito, nami nikamwachia abebe.

Wewe hujachuja. Ni mimi nisiyeweza kuitazama. Iko chini ya nguo kwenye droo mwaka wa pili huu. Ukiitundika kubwa ukutani, nikija nitapitaje mlangoni?

Kope


Studio, 1 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Ya kwanza nimesimama, tatu nimekaa.

Nimefanya yote uliyoagiza kuhusu karatasi na chumvi. Wino haumwagiki tena ovyo, hongera, lakini manjano bado yapo palepale. Bahashani utamkuta Bi Vifungo na ile aproni yake nyeupe, futi ya kupimia shingoni. A ndivyo mashine ilivyomtoa, na mwenyewe alipoiona alisema amependeza, lakini Bi Vifungo hupendezwa na chochote chenye sura yake. B ni baada ya mimi kumwosha. Utaona tofauti mwenyewe.

Sasa sikiliza. Nakala yangu ya picha ya mama yako ninayo hapa mkononi, nimeisogeza dirishani mchana kweupe. Simwoni mgonjwa. Namwona dada yangu. Midomo yake ni midomo yake. Siku ile alinigombeza kwa sababu nilichelewa kupanga taa, na alipogomba mtaa mzima ulisikia, mgonjwa wa moyo hapati pumzi hiyo. Huyo muuguzi wako alikuja kuazima pasi, hakuja kutibu.

Lakini siwezi kubishana na unachokiona wewe. Labda ni karatasi ya nakala yako. Hata zangu za zamani kwenye maboksi nimezikuta zimegeuka manjano zote, zile nyeusi na nyeupe tulizochapa wote chumba cha giza sasa ni kama majani makavu. Nimelaumu unyevu. Kila kitu kinachakaa, Kope.

Mwenye makava alipita leo na futi. Safari hii hakuificha.

Mjomba


Maktaba, 10 Aprili

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimechana barua mbili kabla ya hii. Ya kwanza ilisingizia wino, ya pili ilisingizia taa za studio. Zote zingekuridhisha na zote zingekuwa uongo, na uongo mmoja juu ya picha umeshatutosha.

Nilizipeleka A na B dirishani saa sita mchana. Kisha nikawaita watu watatu, mmoja mmoja, mkutubi mkuu, mfagizi na mwanafunzi aliyekuja kurudisha kitabu, nikawauliza ipi ina rangi za kweli. Wote walisema A. Aproni kwenye A ni nyeupe kabisa. Kwenye B ni ya bluu, na Bi Vifungo ana sura ya mtu aliyelala kwenye barafu. Printa uliyoichagua haina kosa hata moja. Ulichagua kama bingwa.

Ukuta wako nadhani ni mweupe. Aliyekuuzia rangi hakukuibia. Picha za kwenye maboksi nadhani ziko vilevile tulivyoziacha; nyeusi na nyeupe haziwezi kugeuka majani makavu zote kwa mwaka mmoja. Mjomba, ni macho yako. Nimesoma, na nimemuuliza daktari wa macho aliyekuja kutupima hapa chuoni. Mtoto wa jicho akikua polepole huwa kama kioo cha manjano mbele ya kila kitu, na mwenye jicho hajui, kwa sababu hakuna siku iliyobadilika ghafla. Anaona dunia imechakaa. Wewe uliyatoa manjano yaliyokuwa machoni kwako kwa kuyatoa kwenye picha za watu.

Najua ninamwandikia nani. Najua nani alinifundisha kuutambua weupe wa aina saba kwenye shati moja.

Sasa ninalo ombi, na ninaliogopa kuliko hayo yote. Kama ulikuwa unaosha picha tangu wakati wa printa ile ya zamani, basi na ile ya Mama uliiosha. Programu yako haifuti kitu. Picha ya kwanza, kama kamera ilivyoiona, bado imo kwenye kompyuta, na marekebisho yako yamewekwa pembeni. Ifungue, bonyeza pale palipoandikwa "rudisha mwanzo", uichape. Itakuuma kuitazama, utaiona mbaya. Usiiguse. Ichape kama ilivyo, unitumie.

Huenda midomo ikawa ya zambarau hata huko. Nimejiambia hivyo ili nisije nikaanguka. Lakini nataka kujua.

Kope


Studio, 20 Mei

Kope,

Najua ni siku arobaini. Simu zako nimeziona zikilia.

Wiki ya kwanza nilikasirika. Macho haya yana miaka arobaini kazini, yameozesha nusu ya mji huu, kisha anakuja binti niliyempandisha kwenye kreti ili aifikie trei, ananiambia sioni. Nilikuita majina ambayo sitayaandika. Niliamua kumpa mwenye makava jibu lake kabla ya Juni, nikampigia, bahati njema simu yake ikawa inatumika.

Wiki ya pili nilikwenda kwa Bi Vifungo nikamwomba reli sita za uzi, tatu nyeupe, tatu krimu. Nikamwambia azichanganye, nizipange. Nilizipanga kwa kujiamini kabisa. Alikaa akizitazama, kisha akazirudisha moja baada ya nyingine kwenye droo, akaniuliza kama nimekunywa chai. Huyu mwanamke anaongea kuliko redio, Kope. Alipokosa la kusema ndipo nikajua.

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema watu wamekuwa wakinong'ona mwaka mzima kwamba picha zangu zina baridi, wengine wanapeleka mtaa wa pili, lakini nani amwambie mpiga picha haoni? Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa naona kundu la kila mtu: la fundi, la muuza rangi, la mfumo wako, la unyevu.

Nimeandikishwa kliniki ya macho. Wanaanza na jicho la kulia, tarehe kumi na nne Juni. Naogopa. Baba yetu alipelekwa kutibiwa jicho akarudi nalo limefumba, ndiyo maana miaka yote sikutaka hata kupimwa. Mama yako alinisihi mara nyingi nikapimwe, kabla wewe hujaondoka. Hilo sikuwahi kukuambia.

Picha nimeichapa jana. Nilibonyeza "rudisha mwanzo" nikakaa mbali na skrini. Bi Vifungo ndiye aliyesimama kwenye printa, akaipokea, akaifunga kwenye karatasi mbili na kadibodi. Nilimkataza kuniambia alichokiona. Mimi sikuitazama, kwa sababu ningeiona ya manjano na mkono ungetaka kurekebisha. Ni picha ya kwanza kutoka studio hii ambayo sikuipitisha mimi.

Nimesaini nyuma bila kuona mbele.

Mjomba wako


Chumbani, 29 Mei

Mjomba,

Imefika saa nne asubuhi. Nimeomba ruhusa kazini nikaja nayo chumbani, nikaifungua juu ya kitanda.

Ngozi yake ni ile ile. Ni rangi yake, Mjomba, ile ya upande wa kwenu, yenye wekundu kwenye mashavu ya mtu aliyetoka kugomba. Midomo ni ya kahawia na waridi kidogo chini, kama ilivyokuwa siku zote akimaliza kucheka. Nimeiweka sambamba na ya droo. Nimemwita yule muuguzi. Ameitazama muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ni mzima, dada."

Mama alikuwa mzima siku ile. Alibeba begi zito kwa sababu aliliweza. Alinisindikiza, sikumkimbia.

Nimelia mpaka mchana, lakini si kilio kile cha siku zote. Kwa miaka miwili nilikuwa nikitaka kumlilia, kila nikianza najihukumu, kilio kinakatika. Leo nimemlilia yeye tu.

Itundike, kubwa uwezavyo. Nenda kliniki. Nami nikiwa na picha hii mkononi nakwambia wewe ni mpiga picha bora niliyemjua, kamera yako haikukosea hata chembe.

Mpwa wako,
Kope


Studio, 27 Juni

Kope, mpwa wangu,

Naandika nikiwa na jicho moja jipya na moja kuukuu. Nikifumba la kulia, studio yote ni krimu. Nikifumba la kushoto, ukuta unang'aa mpaka nasogea nyuma. Nimekaa nikifumba hili na lile kama mwendawazimu. Nimeshakwenda kumwomba radhi muuza rangi. Hakunikumbuka hata kidogo, na mimi nilikuwa na hotuba.

Kisha nikaitoa nakala yangu ya zamani ya dada yangu, ile niliyokuambia naiona haina neno. Nikaitazama kwa jicho jipya.

Mwanangu, nilimpaka dada yangu ugonjwa ambao hakuwa nao, nikakukabidhi siku ya mazishi yake ukae nao chumbani. Miaka miwili umekuwa ukijihukumu kwa kosa la mkono wangu. Na yeye mwenyewe alinisihi nikapimwe. Nisamehe. Najua utaandika kwamba hakuna la kusamehe, lakini mimi nakuomba unisamehe hivyo hivyo, niupate msamaha ukiwa umeandikwa.

Sasa hivi nazunguka mtaani na begi. Kila niliyempiga picha miaka mitatu hii namchapia upya, nachukua ya baridi, namwachia yenye damu. Wengi wanacheka. Bibi mmoja mjane amekataa kunirudishia ya mumewe. Amesema ameshaizoea bluu hiyo, nimwache na mume wake. Nikamwachia zote mbili.

Mwenye makava amepata jibu. Nilimwambia chumba hakitoki, akaniuliza kwa upole kama basi naweza kumpiga picha ya pasipoti. Nimempiga. Kumbe ana sura nzuri, miaka yote hiyo sikujua.

Mama yako yuko ukutani tangu Jumapili, urefu wa mkono mzima. Bi Vifungo hupita asubuhi kumsalimia kabla ya kunisalimia mimi. Na wewe uko pale pembeni yake, umemshika bega, umefumba macho, maana tangu utoto hujawahi kuiona taa ya kamera ukiwa macho wazi, ndiyo maana nikakuita Kope.

Jicho la kushoto ni mwezi wa nane. Kazini kwako omba likizo. Mara ya mwisho nilipokutazama ilikuwa mazishini, kupitia kioo cha manjano na machozi juu yake. Watu wote wa mtaa huu nimeshawaona upya. Wewe bado.

Mjomba wako